Nani Ataijenga Upya Kilwa? Uhalisia Pepe na Historia ya Mradi wa Mwanafunzi

Ukiwauliza wanafunzi wa siku hizi uhalisia pepe ulianzia wapi, wengi watakusimulia habari za Palmer Luckey. Ni kijana wa California aliyeunda miwani ya Oculus katika trela nyumbani kwa wazazi wake, akaitangaza mtandaoni mwezi Agosti 2012 akiwa na umri wa miaka 19, akachangiwa zaidi ya dola milioni 2.4 na watu zaidi ya 9,500. Kabla miaka miwili haijatimia, Facebook ikatangaza kuinunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Hadithi hii ina utamu wake. Inapendwa hata na watunga sera zetu za ubunifu, kwa sababu haiwadai chochote: ikiwa kipaji huchipuka chenyewe uani kwa wazazi, serikali na vyuo vina kazi gani zaidi ya kuandaa mashindano na kugawa vyeti?

Sina nia ya kumpunguzia Luckey sifa zake. Nataka kuwarudisha ndani ya simulizi wale walioachwa mlangoni. Ukiifuata teknolojia hii hatua kwa hatua kurudi nyuma, trela ile huioni tena. Unakuta chumba cha chuo kikuu, mwalimu asiyeliogopa neno "mchezo", wanafunzi waliopewa muda na mashine, na nyuma yao wote fedha za umma. Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani hii kuliko tunavyofikiri, kwa sababu miji yetu ya kale tayari imeanza kujengwa upya ndani ya kompyuta, na swali la nani anaijenga halijaulizwa kwa sauti. Nitafika Kilwa. Kwanza naomba tupite Massachusetts.

Mwaka 1961 kampuni ya DEC iliipa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, kompyuta aina ya PDP-1, mashine iliyouzwa kwa takriban dola 120,000 na yenye kioo cha duara mithili ya rada. Vijana wachache, baadhi wanafunzi na baadhi wafanyakazi wa maabara, wakajiuliza waifanyie nini ili uwezo wake wote uonekane. Steve Russell na wenzake wakaandika Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya anga vinavyorushiana makombora. Peter Samson hakuridhika na nyota zilizotawanywa ovyo nyuma ya vyombo hivyo, akaingiza ramani ya nyota halisi. Dan Edwards akaongeza nguvu ya uvutano ya jua lililo katikati. Kufikia masika ya mwaka 1962 mchezo ulikuwa umekamilika, na haukuwa mradi wa somo lolote. Hawakuuuza. DEC wenyewe waliishia kuutumia kuzipima mashine zao mpya: mchezo ukienda sawasawa, ilijulikana kwamba kila kiungo cha kompyuta ni kizima. Ningependa wajumbe wa kamati za mitaala walitafakari hilo kidogo. Kipimo kilichoaminiwa na watengenezaji wa mashine kilikuwa mchezo.

Uhalisia pepe wenyewe, kwa maana ya mtu kuvaa kitu machoni na kujiona yuko mahali pengine, uliingia chuoni kupitia Ivan Sutherland. Alipata shahada ya uzamivu MIT mwaka 1963, akaenda kuongoza ofisi ya kompyuta ya ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kisha akawa mwalimu Harvard. Mwaka 1965 aliandika makala fupi akiwaza kioo cha kompyuta ambacho mtu angeweza kuingia ndani yake. Miaka mitatu baadaye, akisaidiwa na wanafunzi, miongoni mwao Bob Sproull aliyekuwa bado anasoma shahada ya kwanza, alionesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichofanya kazi. Kilikuwa na vioo viwili vidogo mbele ya macho, na mtambo mmoja wa kukisia mkao wa kichwa ulining'inizwa darini kwa mhimili wa chuma. Watu waliubatiza jina la upanga wa Damocles, kwa kumbukumbu ya yule mtu wa kale aliyekaa kwenye kiti cha mfalme huku upanga ukimning'inia utosini. Alichokiona mvaaji kilikuwa mistari mitupu: mchemraba unaoelea hewani. Lakini alipozunguka, mchemraba ulibaki palepale ulipokuwa, naye akauona ubavu wake wa pili. Yote yaliyofuata, hadi miwani inayouzwa leo, ni kulinogesha tukio hilo moja.

Nani alilipa? Makala ya mwaka 1968 inasema yenyewe: ARPA, Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Majini, na maabara za Bell. Sisifu chanzo hicho. Mwaka 1968 ndio mwaka vita vya Vietnam vilipopamba moto, na mkono uliolipia mchemraba ule ndio uliolipia mabomu. Ninachotaka kionekane ni utaratibu. Jeshi lilitoa fedha bila kumdai Sutherland silaha mwishoni mwa mwaka wa fedha, na bila kumuuliza mwanafunzi wa shahada ya kwanza soko la bidhaa yake liko wapi. Dola kubwa kuliko zote duniani iliona faida katika kuwavumilia vijana wanaochezea mistari hewani.

Nikumbushe kwamba uvumilivu haukuwa tele upande wetu. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, walianzisha jarida la Cheche, wakilichapa kwa stensili kwa mikono yao wenyewe, bila kutafuta alama wala posho. Mwaka 1970 likapigwa marufuku, pamoja na chama chao cha USARF. Najua jarida si mchezo wa kompyuta. Lakini ni mradi wa wanafunzi ulioanzishwa na wanafunzi, nao ulizimwa kwa sababu ulikuwa wa kwao. Taasisi zetu zilijifunza mapema kutilia shaka kazi ambayo mwanafunzi hakutumwa, na sina hakika kwamba somo hilo wamelisahau.

Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Utah mwaka huohuo wa 1968, na kofia yake ikaenda naye. Huko likakusanyika kundi la wanafunzi ambao majina yao bado yako ndani ya kila mchezo unaochezwa leo. Donald Vickers aliandika tasnifu iliyomwezesha mvaaji wa kofia ile kushika fimbo na kuunda vitu hewani. Henri Gouraud alibuni njia ya kulainisha vivuli juu ya umbo. Ed Catmull alihitimu mwaka 1974, na baadaye akawa mmoja wa waasisi wa studio ya Pixar. Na alikuwapo Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, aliyebuni namna ya kukokotoa mng'aro wa mwanga juu ya kitu laini. Alihitimu mwaka 1973 na kufariki mwaka 1975, angali kijana. Njia yake bado inafundishwa katika kila darasa la michoro ya kompyuta. Kijana wa Vietnam, katika maabara iliyolipiwa na jeshi lililokuwa likiipiga Vietnam, ndiye aliyeifundisha kompyuta jinsi mwanga unavyotua juu ya kitu. Historia ina mizaha yake.

Kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo, uhalisia pepe ulibaki mali ya wenye bajeti nene: jeshi, mashirika ya anga na maabara chache. Mlango ulipanuliwa na watu waliokosa fedha. Mwaka 1991 Randy Pausch, mwalimu kijana katika Chuo Kikuu cha Virginia, alichapisha makala ambayo kichwa chake kwa Kiswahili kingekuwa "Uhalisia Pepe kwa Dola Tano kwa Siku". Alichukua kompyuta ya kawaida ya ofisini yenye prosesa ya 386, kihisi kimoja cha kufuatilia mwendo, vioo viwili vidogo vya rangi moja, na glavu ya plastiki iliyouzwa na kampuni ya Mattel kama kichezeo cha watoto wa Nintendo. Mfumo mzima uligharimu chini ya dola 5,000. Ulionesha mistari tu, kama ule wa Sutherland, ila sasa chuo cha kawaida kiliweza kuumudu. Mwaka uliofuata, Chicago, Chuo Kikuu cha Illinois kilionesha CAVE, chumba ambacho kuta zake zenyewe ni picha. Miongoni mwa watatu waliokibuni alikuwamo Carolina Cruz-Neira, mwanafunzi wa uzamivu aliyepata shahada yake ya kwanza Caracas, Venezuela. Sitakaa sana hapo, ingawa wale wanaodhani kwamba kazi hizi ni za wazaliwa wa Kaskazini pekee wangefanya vyema kukaa.

Ninayetaka kukaa naye ni Pausch, kwa sababu ndiye aliyeugeuza mchezo wa uhalisia pepe kuwa somo. Alihamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, na mwaka 1998 akaanzisha kozi ya kujenga dunia pepe. Darasa lilikuwa na wanafunzi wapatao 50 kutoka idara zote: wachoraji, wachongaji, watu wa tamthilia, wasanifu, waandishi wa programu. Waligawanywa katika makundi ya watu wanne. Kila kundi lilipewa wiki mbili kujenga dunia moja inayofanya kazi. Wiki mbili zikiisha, makundi yalivunjwa, kila mtu akaenda kwa watu wapya, na kazi ikaanza tena. Hivyo mara tano katika muhula mmoja.

Tazameni ujanja wa mpango huo. Aliyezembea katika kundi la kwanza alikuwa na sifa yake ikimtangulia katika kundi la pili. Mwandishi wa programu aliyezoea kumdharau mchoraji aligundua usiku wa kuamkia onesho kwamba dunia isiyo na sura haiingiliki. Pausch aliwaonesha wanafunzi kwa takwimu jinsi wenzao wanavyoona urahisi au ugumu wa kufanya kazi nao, jambo ambalo mimi, nikiwa mwalimu, naliona kali kuliko alama yoyote. Aliweka makatazo mawili: marufuku kupiga risasi, marufuku picha za ngono. Hakuwa anahubiri. Aliona hayo yameshafanywa mno, na alitaka vijana walazimike kufikiri. Ukimnyima kijana wa miaka 19 bunduki ndani ya mchezo wake, inambidi atafute kitu kingine cha kumfanyisha mchezaji, na hapo ndipo ubunifu unapoanza.

Katika mhadhara wake wa kuaga wa Septemba 2007, alipokuwa tayari ameambiwa kwamba saratani itamuua, alisimulia kilichotokea baada ya zoezi la kwanza kabisa. Kazi zilizoletwa zilipita matarajio yake yote. Akampigia simu mwalimu wake wa zamani, Andy van Dam, kuuliza afanye nini sasa, maana kama angewapa alama za juu kabisa angekuwa hana pa kuwapandisha. Mzee yule akamshauri arudi darasani awaambie kwamba kazi si mbaya, lakini anajua wanaweza zaidi ya hapo. Pausch alikiri kwamba hakuwa akijua kiwango chao kiko wapi, na kwamba kumwekea mwanafunzi kiwango kabla hujamwona mwisho wake ni kumdhulumu. Onesho la mwisho wa muhula likawa tukio la chuo kizima, wakija wazazi, wanafunzi wa idara nyingine na wenzao waliokaa naye chumba kimoja bwenini. Pausch alifariki Julai 2008. Kozi iliendelea, na Alice, programu ya kufundishia uandishi wa programu iliyokuzwa na wanafunzi wake, inagawiwa bure hadi leo.

Sasa turudi kwenye ile trela. Mwaka 1999 Jeshi la Marekani liliingia mkataba na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kuanzisha taasisi ya teknolojia bunifu, ICT. Ndani yake palikuwa na maabara ya Mark Bolas, iliyobuni kifaa cha kukunja cha kutazamia uhalisia pepe kwa simujanja na kuuweka wazi mchoro wake. Mwandishi wa habari Nonny de la Peña aliitumia maabara hiyo kutengeneza kazi yake kuhusu njaa Los Angeles, inayomsimamisha mtazamaji katika foleni ya chakula cha msaada ambako mtu mwenye kisukari anaanguka. Ilioneshwa katika tamasha la Sundance Januari 2012. Na katika maabara hiyohiyo alifanya kazi kama fundi kijana mmoja aitwaye Palmer Luckey, miezi michache kabla ya tangazo lake la Agosti. Trela ilikuwapo kweli. Kati ya trela na dola bilioni 2 palikuwa pia na maabara ya chuo kikuu, iliyojengwa kwa kodi.

Wale 9,500 waliomchangia hawakupata hisa, nao walilalamika sana Facebook ilipoingia. Walipa kodi hawakulalamika, kwa kuwa hawakujua kwamba nao walichangia. Luckey aliachana na Facebook, na mwaka 2017 alishiriki kuanzisha Anduril, kampuni ya silaha. Mzunguko ulioanzia jeshini mwaka 1968 umerudi jeshini, ila safari hii faida ina mwenyewe.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu ya wanafunzi watatu wa kompyuta, wa chuo ambacho sitakitaja, walionifuata mwaka juzi. Walitaka kujenga, kama mradi wao wa mwaka wa mwisho, mchezo wa uhalisia pepe wa kuchezwa kwa simu ya kawaida na boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili. Mchezaji ni nahodha anayetia nanga Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka ule aliofika Ibn Battuta. Analazimika kulipa ushuru, kupata pa kulala, kuuza shehena yake na kuondoka kabla upepo haujageuka. Hakuna risasi hata moja, ingawa hawakuwa wamemsikia Pausch. Idara yao iliwakatalia. Sababu ilikuwa kwamba mchezo si mradi, na kwamba mkopo wa serikali hautolewi ili watu wacheze. Wakashauriwa watengeneze mfumo wa kusimamia taarifa za mabweni. Wameutengeneza, wamefaulu, ripoti yao ya jalada gumu iko kabatini pamoja na mifumo mingine ya mabweni ya miaka iliyotangulia. Mchezo wanauendeleza usiku.

Nchi ambayo Rais wake wa kwanza alikaa kwenye bao bila haya haikupaswa kuliona neno "mchezo" kama tusi. Lakini tuliache hilo, tuangalie kazi yenyewe.

Walikuja kwangu kwa sababu mchezo ulikuwa unawauliza maswali ambayo vitabu vinaruhusu kuyaruka. Mimi nikiandika kwamba Kilwa ulikuwa mji wa mawe uliostawi kwa dhahabu ya Sofala, sentensi inapita, msomaji anaendelea. Mjenzi wa mchezo hawezi kuandika "mji wa mawe" akapita. Lazima aamue nyumba ya kushoto ni ya nini. Hapo ndipo tulipokwama siku ya kwanza, kwa kuwa matini ya Ibn Battuta, kama inavyofasiriwa kwa kawaida, inasema mji wote umejengwa kwa miti, na wanaakiolojia, Neville Chittick akiwa mashuhuri kati yao, wamefukua msikiti mkuu na majumba ya matumbawe na chokaa. Nani wa kuaminiwa? Je, msafiri alizieleza nyumba za watu wengi na kuyaacha majumba machache ya wakubwa? Baada ya mabishano ya wiki mbili, vijana wale walijenga msikiti na majumba machache kwa mawe, na sehemu kubwa ya mji kwa miti, udongo na makuti. Sijui mhadhara wangu wowote uliowafanya wanafunzi wabishane wiki mbili juu ya sentensi moja ya Ibn Battuta.

Kisha likaja suala la Husuni Kubwa. Jumba hili la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya mwamba unaotazama bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100 na bwawa lenye pembe nane. Ni sultani yuleyule ambaye sarafu yenye jina lake imepatikana hata Great Zimbabwe. Mwanafunzi aliyechora bwawa alilijaza maji ya buluu yanayometa, kwa kutumia kanuni ya yule Phong wa Hanoi. Mwenzake akamuuliza: maji haya yamefikaje hapa? Hayakuingia bwawani yenyewe. Ibn Battuta anamsifu sultani kwa ukarimu, na katika kusifu huko anasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyozawadiwa watumwa na pembe za ndovu. Anasimulia pia mashambulizi ya sultani bara. Kwa hiyo ndani ya mchezo kuna watu wanaopanda mwambani na mitungi, na kuna uamuzi wa kufanya: mchezaji anaweza kuzungumza nao au hawezi? Wana majina? Mwanafunzi mmoja alitaka waondolewe ili Kilwa ibaki fahari. Mwingine alikataa katakata. Mitungi imebaki.

Nasisitiza jambo hili kwa ndugu zangu walio wizarani na katika mamlaka za mambo ya kale, kwa kuwa Kilwa pepe nyingine zipo tayari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakakaa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima kwa leza. Mwaka 2020 Google, pamoja na shirika la CyArk na baraza la ICOMOS, waliiweka Kilwa mtandaoni kwa vipimo vitatu, ikiwa moja kati ya maeneo matano ya dunia yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kazi hizo ni nzuri, na bahari inayomega ufuo wa Kisiwani haitungoji. Waliozifanya siwaiti wezi.

Ila kupima gofu ni jambo moja, kuujenga upya mji ni jambo lingine. Leza inaona ukuta uliosimama, haioni nyumba ya makuti iliyooza miaka 600 iliyopita, wala haimwoni mchukuzi wa maji. Hayo yanaingizwa na mtu, kwa hukumu yake. Nakala ya Kiarabu ya tarikhi ya Kilwa iko London, na sote tumezoea kuisoma kupitia tafsiri za wengine. Mtoto wa Kilwa Masoko atakapovaa miwani shuleni kwake, atauona mji uliopangwa na yule aliyepewa muda na ruhusa ya kuupanga.

Gharama si kisingizio tena. Michoro ya lile boksi la karatasi ambalo Google ilianza kuligawa mwaka 2014 iko wazi kwa yeyote, na fundi yeyote wa mjini anaweza kulikata. Programu ya Blender ya kuchongea maumbo hailipiwi. Ugumu uko kwenye ufundi. Picha ikichelewa kuufuata mgeuko wa kichwa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mchezaji anapata kichefuchefu. Vijana wangu wametupa nusu ya mapambo ya msikiti ili simu ya bei nafuu iweze kukimbia na shingo ya mtu. Kuchagua kipi kitupwe na kipi kibaki ni hisabati, na ni historia pia. Ningetoa alama kwa yote mawili kama ningeruhusiwa.

Kwa sasa wamekwama kwa mtoza ushuru. Nahodha anapanda ngazi kutoka ufukweni, mtoza ushuru anamsimamisha, anafungua kinywa. Aseme nini? Hakuna andiko la Kiswahili lililotufikia kutoka karne ya 14, na Kiswahili cha redioni kingemgeuza mtu yule kuwa karani wa leo aliyevaa kanzu. Wanaisimu wamefanya kazi kubwa ya kukisia sauti za lugha ya pwani ya zamani, na Kimgao, lahaja ya upande ule wa kusini, bado ina wazee wanaokijua. Mwezi uliopita mwanafunzi wa isimu kutoka chuo kingine alijiunga nao, akawa wa nne. Hana mkataba wala posho. Ameahidi sentensi kumi na mbili, na ya kwanza, ya kumuuliza mgeni ametoka bandari gani, ameshaiandika upya mara sita.